Sehemu ya Sita

Mwalimu Elinipendo alimwona Johari tangu kwenye uzio wa shule, akatoka ofisini na ufunguo wa sanduku la posta mkononi.

"Nimelifungua jana jioni, Mama Salima. Waraka mmoja wa wizara na barua ya mkaguzi. Basi."

"Labda limekwama njiani."

"Mwezi wa kwanza tulisema limekwama njiani. Huu ni wa nne."

Johari alikuwa ametoka Msufini alfajiri, juu ya lori la mkaa, na vumbi lilikuwa limezifanya kope zake nyekundu. Hii ilikuwa safari yake ya tatu. Alichokuwa anakitafuta ni jarida, *Demani*, lililochapishwa Dar es Salaam na watu waliopenda mambo ya matanga. Zamani lilitoka kila mwezi, likiwa na jalada gumu na picha za mashindano ya ngalawa. Baadaye likawa linatoka kila miezi mitatu, karatasi ikageuka rangi ya majivu, kurasa zikapungua hadi unaweza kulikunja ukalitia kwenye mfuko wa shati. Toleo la mwezi wa kumi, mwaka tisini na moja, lilikuwa na sehemu ya tano ya mfululizo wa "Unda Mwenyewe: Mashua ya Maji Haba." Chini ya ukurasa wa mwisho paliandikwa: *Sehemu ya sita na ya mwisho, kuhusu farumi, toleo lijalo.*

"Mwulize Benedict pale stendi," alisema mwalimu. "Yeye huletewa magazeti na mabasi ya Lindi. Anaweza kuwa na habari."

Kibanda cha Benedict kilikuwa kimejaa magazeti mapya yaliyobanwa kwa vibanio vya nguo: ya siasa za vyama vingi, ya mpira, ya mapenzi, ya waganga. Vijana watatu walikuwa wamesimama wanasoma vichwa vya habari bila kununua.

"*Demani*?" Benedict alirudia. "Lile la mashua?" Akacheka, na wale vijana wakacheka pamoja naye kabla hawajajua wanacheka nini. "Mama, siku hizi mtu akitoa hela yake anunue karatasi anataka aone mtoto mzuri au matokeo ya Yanga. Nani atanunua la matanga?"

"Mimi nalinunua."

"Wewe mwenyewe unasoma?" aliuliza kijana mmoja, akimtazama kanga yake iliyochakaa na ndoo aliyoishika.

Johari alihamishia ndoo mkono wa pili. Alimwuliza Benedict kama wakala wake anajua lolote. Benedict akaacha kucheka, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya.

"Wamefunga, mama. Wenyewe wamefunga. Usijisumbue kuja tena."

*

Mashua ilikuwa imekaa juu ya magogo pembeni ya mkondo, chini ya paa la makuti, na Sadala alikuwa ndani yake akipiga kalafati kuziba mianya ya mbao. Alimsikia mkewe akija, akaendelea kugonga. Alipomaliza mshono ule ndipo akainua uso, akaona amerudi mikono mitupu.

Sadala alikuwa ameunda vyombo miaka thelathini bila karatasi. Mtumbwi na dau alivipima kwa jicho, kwa dhiraa na kwa shubiri. Lakini kila kipimo cha mashua hii kilitoka mdomoni mwa Johari. Yeye ndiye aliyepata cheti cha elimu ya watu wazima; Sadala alikwenda darasani wiki mbili akaacha, akisema herufi zinamtoroka. Tangu hapo mke alisoma na mume akasikiliza. Walipopenda kitu, Johari aliwaandikia wenye jarida barua, akaweka jina la mumewe, na mara nne barua hizo zilichapwa. Msufini nzima ilijua kwamba Fundi Sadala yumo gazetini.

Ndiyo sababu Abdulkarimu alikuja kwake. Alikuwa mfanyabiashara wa Kibiti, asili yake vilima vya Umatumbi, na tangu serikali ilipomruhusu kila mtu kununua mazao, alitaka kuufuata mpunga wa delta mwenyewe, vijijini, kabla wenye boti za injini hawajaumaliza. Alionyeshwa picha ya mashua ile: pana, kitako bapa, mlingoti mrefu, chombo cha kupita mikondo maji yakiwa yamekupwa na magunia arobaini ndani. Alileta mbao, misumari na kitambaa cha tanga. Kilichobaki sasa kilikuwa farumi tu, yaani mawe ya uzito yanayolazwa chini ili chombo kisipinduke. Ni kiasi gani, na yalazwe wapi? Hayo ndiyo yaliyokuwa katika sehemu ya sita.

"Wamefunga," alisema Johari.

"Nani?"

"Wenye jarida."

Sadala aliifuta patasi kwenye paja. "Watu hawawezi kuanza kitu wakakiacha mlangoni."

"Nitakwenda Dar. Anwani yao ninayo."

"Ukamwone nani? Unamjua nani Dar?"

"Mhariri. Jina lake huliandika kila mara: Richard."

Sadala aliutazama ule mwili wa mashua, mzuri kuliko chochote alichowahi kukiunda, akaogopa. Woga ule hakumwambia mtu. Tangu alipounganisha mbavu za kati alihisi kwamba chombo hiki kina tabia asiyoijua.

*

Ofisi ilikuwa chumba kimoja mtaa wa Gerezani, Dar, nyuma ya duka la vipuri. Kibao kilikuwapo bado, lakini nusu ya chumba ilikuwa imekodishwa kwa kijana wa kuazimisha kanda za video. Katika nusu iliyobaki, kati ya marundo ya matoleo ya zamani, alikaa mzee mwembamba mwenye shati lililopigwa pasi vizuri na kola iliyogeuzwa nje ndani.

"Shikamoo, mzee. Nimetoka Rufiji. Mimi ni mke wa Fundi Sadala wa Msufini."

Mzee Richard alisimama. "Fundi Sadala! Yule wa barua ya kalafati ya mafuta ya papa! Mama, barua ile niliisoma mbele ya kamati nzima. Ana mwandiko mzuri sana mumeo."

"Mwandiko ni wangu."

Alimtazama kidogo, kisha akamvutia kiti chake mwenyewe na yeye akakalia rundo la majarida. Johari alimpa kamba wakavu aliowafunga kwenye gazeti, na mzee aliwapokea kwa mikono miwili kama mtu ambaye hajapewa kitu kwa muda mrefu.

"Tulikuwa na wasomaji elfu mbili na mia nne," alisema bila kuulizwa. "Toleo la mwisho walinunua watu mia na sita. Karatasi tuliyokuwa tunauziwa kwa bei ya chini ilikoma. Wenye matangazo wakahamia kwenye magazeti ya rangi. Nilichapa la mwisho kwa kiinua mgongo changu."

"Pole, mzee. Mimi nimefuata sehemu ya sita tu. Hata kama imeandikwa kwa mkono nitainakili hapa hapa."

Mzee Richard aliwaweka wale kamba sakafuni polepole. "Ya kufanyia nini, mama?"

"Mashua iko tayari. Imebaki farumi."

Upande wa pili yule kijana wa kanda alikuwa akigombana na mteja.

"Mmeiunda?" mzee aliuliza.

"Tumeiunda."

"Sikujua kama kuna mtu anaiunda." Alivua miwani. "Mama, wasomaji wetu wengi walikuwa wanapenda kusoma tu. Makarani, walimu, mabaharia wastaafu. Wanasoma, wanaota, wanaweka kabatini. Donati aliyechora ile mashua alikuwa mchoraji wa bandarini. Sehemu ya sita hakuiandika. Alisema hawezi kutaja uzito wa farumi kabla hajaunda moja ndogo aijaribu majini. Akaanza. Halafu wakampunguza kazi, akarudi kwao Songea, na mwezi wa pili tukaletewa habari ya msiba wake."

"Kwa hiyo hakuna."

"Hakuna. Na nyinyi ndio wa kwanza duniani." Alimshika mkono, jambo ambalo si kawaida kwa watu wasiojuana. "Donati aliniambia neno moja. Alisema chombo kile ni chepesi na kina mbio, lakini kikiinama kupita kiasi hakirudi. Mwambie fundi asikipakie. Akifanye cha kuvulia, akitie mawe mengi, akijaribu mwaka mzima peke yake. Asikipakie watu."

Alimsindikiza hadi barabarani. Alipokuwa anaagana naye alimwomba radhi mara mbili.

*

Johari alimweleza mumewe kila neno, hata lile la kuinama. Sadala alisikiliza ameketi juu ya gogo, kichwa chini.

"Ijumaa anakuja tajiri," alisema mwishoni. "Anakuja na Mfaume."

Mfaume alikuwa mdogo wake Johari, tumbo moja. Abdulkarimu alikuwa amemchagua awe nahodha, na kwa kazi hiyo Mfaume alikuwa ameacha kukata magogo ya mikoko na kupeleka posa kwa watu.

"Vizuri," alisema Johari. "Tuwaambie wote wawili kwa pamoja."

"Tuwaambie nini? Kwamba nimeunda chombo nisichokijua? Mbao zake, kitambaa chake. Atakipakia kwenye lori akakipasue kuni, na mimi nitaishi hapa nikichongea watu mipini ya majembe." Aliokota kipande cha ubao, akakitupa. "Alikuja kwangu kwa sababu ya karatasi. Kama karatasi haipo, mimi ni nani kwake?"

"Wewe ni fundi."

"Basi niache nikisie kama fundi. Nitakupa hesabu. Wewe utaisoma."

Johari hakuelewa mara moja. Alipoelewa alisimama.

"Nisome kitu ambacho hakipo?"

"Chukua toleo lolote. Nani atakuja kuchungulia?"

"Baba Salima, sijawahi kukusomea uongo."

"Hunisomei mimi."

Walibishana siku mbili, asubuhi kwenye mihogo na mchana kwenye magogo, mpaka Johari akakubali kusoma. Asubuhi ya Ijumaa Sadala alitaja hesabu: kilo mia na ishirini. Ukweli ni kwamba jicho lake lilimwambia mara mbili ya hapo. Lakini alimjua Abdulkarimu. Alijua kwamba kila jiwe litakaloingia litamfanya tajiri afikirie mpunga utakaobaki ufukoni. Akachagua hesabu itakayopita.

*

Walikuja baada ya swala. Abdulkarimu alikuwa amevaa kanzu, na aliizunguka mashua mara mbili akiigonga kwa kifundo cha kidole. Majirani kumi hivi walikuwa wamekaa kwenye mikeka, maana siku za kusomwa jarida zilikuwa kama sherehe ndogo hapo.

"Haya, karatasi yenu imefika?"

"Imefika," alisema Sadala.

Johari alikaa, akafungua toleo la mwaka themanini na nne, ukurasa wa matokeo ya mashindano. Alidhani atatetemeka. Sauti iliyotoka ilikuwa ile ile ya siku zote, nyoofu, ya kupanda na kushuka mahali panapostahili.

"*Farumi ya mashua hii ni mawe ya kilo mia moja na ishirini, yalazwe katikati, kuanzia chini ya mlingoti kuelekea nyuma, kwenye tezi...*"

"Rudia hapo," alisema Abdulkarimu.

Alirudia. Mfaume aliinuka kwenda kwenye mtungi kunywa maji, akapita nyuma ya dada yake. Mfaume alikuwa amemaliza darasa la saba. Aliiona picha ya wanaume wanne wameshika kikombe, akaona na maandishi makubwa juu yake. Alisimama na kata mkononi. Kisha akanywa, akairudisha kata mahali pake, akaenda kukaa.

"Mia na ishirini," Abdulkarimu alisema akihesabu kichwani. "Magunia mawili hivi. Sio mbaya. Nilidhani mtanijazia jabali."

Watu walicheka. Sadala naye alicheka.

Walipokuwa wanaondoka Johari alimfuata mdogo wake hadi kwenye minazi.

"Uliona."

"Niliona, dada."

"Basi usipande chombo kile."

"Nisipopanda atapanda mwingine, tena asiyejua." Alikuwa anachezea kofia yake. "Mimi angalau najua. Nitakwenda nacho taratibu. Na shemeji hajawahi kuunda chombo kibaya."

"Mfaume."

"Nimeshapeleka posa, dada. Nitawaambia watu nini?"

*

Waliishua mashua siku ya bamvua, maji yalipofika hadi kwenye magogo. Bila shehena ilikwenda kama kitu kilichokuwa kinangoja kufunguliwa. Wenye mitumbwi walisimama wakapiga makofi. Mfaume aliipeleka hadi kwenye pembe ya mikoko, akaigeuza, na upepo ukaishika ubavuni. Ililala. Ikabaki imelala, muda wa mtu kuvuta pumzi mbili, kisha ikainuka kivivu.

Ufukoni kila mtu alishangilia. Sadala hakushangilia. Yeye alikuwa amezihesabu zile pumzi.

Jioni ile ile alimwendea Abdulkarimu. "Tajiri, nataka kuongeza mawe. Mengine kama yale yale."

"Kwa nini?"

"Nimeiona inavyoinuka."

"Karatasi imesema mia na ishirini."

"Karatasi imesema, lakini mimi ndiye niliyeiunda."

Abdulkarimu alimpiga piga begani kwa upole. "Fundi, usinikasirikie. Aliyeandika ni mtaalamu. Wewe ulikuwa unaunda mitumbwi. Tufuate mtaalamu."

Sadala alirudi nyumbani akamweleza mkewe maneno hayo kama yalivyo. Miaka thelathini alikuwa akisema *hapa pana kasoro* na watu wanaweka mzigo chini. Sasa hesabu aliyoibuni mwenyewe ilikuwa imekaa juu ya jicho lake, na hakuwa na namna ya kuiondoa ila kusema imetoka wapi.

Safari ya kwanza mashua ilirudi na magunia ishirini. Ya pili, thelathini. Ya tatu iliwachukua na abiria, akina mama waliokuwa wanakwenda kuuza vikapu, kwa kuwa nafasi ilikuwapo. Mara mbili Sadala aliingiza mawe alfajiri, na mara mbili wapagazi wa tajiri waliyatoa. Baada ya safari ya nne Mfaume alikuja kula kwa dada yake. Alikula kidogo. Alipoulizwa mashua ikoje, alisema inakwenda vizuri, akaongeza kwamba siku hizi hakai akatulia, anaisikiliza tu.

"Unaisikiliza nini?"

"Sijui, dada. Inavyoinuka."

Kesho yake Johari alipanda lori kwenda Kibiti bila kumuaga mumewe.

*

Duka la Abdulkarimu lilikuwa na watu. Johari alingoja mpaka walipopungua, lakini hawakuisha, akaona akiendelea kungoja atarudi nyumbani bila kusema.

"Bwana Abdulkarimu, siku ile nilisoma uongo."

Abdulkarimu alikuwa anapima sukari. Aliendelea kupima. "Uongo upi?"

"Farumi. Sehemu ya sita haikuchapwa. Nilishika jarida lingine. Hesabu ile hatukuitoa popote."

Mwanamke mmoja aliyekuwa anangoja sukari alimwangalia Johari kuanzia kichwani mpaka miguuni. Abdulkarimu alifunga ile karatasi ya sukari, akampa mwenyewe, akatoka nyuma ya kaunta.

"Mama Salima, fundi amekutuma?"

"Hajui kama nimekuja."

"Nauliza kwa sababu amenijia mara tatu anataka chombo kirudi kwenye magogo. Nikasema labda anatafuta nyongeza. Sasa unakuja wewe." Hakupandisha sauti. "Nilikuwapo. Watu kumi walikuwapo. Ulisoma, nikakwambia rudia, ukarudia neno kwa neno. Mtu anayesoma uongo anarudia neno kwa neno?"

"Nilikuwa nimeukariri."

Hapo uso wake ulibadilika, na yeyote aliyekuwa anamtazama angejua kwamba amemwamini. Alitazama nje, kwenye magunia matupu yaliyofungwa matita kungoja safari. Mpunga wa Mbwera, kule delta, ulikuwa umekwisha kuvunwa. Mwenye boti ya injini alikuwa amefika huko juzi.

"Mara nne kimekwenda na kurudi," alisema hatimaye. "Leo kipo Mbwera kinapakia. Msimu ukiisha, wiki tatu tu, nitakirudisha mtie mawe mpaka mchoke."

"Ni mdogo wangu aliyeshika usukani."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia ni nahodha mzuri. Nenda nyumbani, mama. Na maneno haya usiyaseme mbele ya wateja."

*

Ilipinduka kesho yake, mchana kweupe, mahali mkondo unapopanuka, chini ya saa moja kabla ya kufika Msufini. Kusi ilikuwa imeamka lakini si kali. Mitumbwi miwili ya wavuvi ilikuwa karibu, na wote walisema baadaye kwamba upepo ule usingemwangusha hata mtoto. Kulikuwa na magunia thelathini na nane na watu tisa. Mashua ililala ubavu. Mfaume alilegeza tanga mapema, kama mtu aliyekuwa anaingoja saa hiyo. Lakini magunia yaliteleza kuelekea upande ule ule, na chombo hakikurudi.

Saba walishika matawi ya mikoko. Mwanamke mmoja, Sijaona, alibanwa chini ya tanga, na Mfaume, aliyekuwa amekwisha kufika kwenye mikoko, alirudi kumfuata. Waliwapata wote wawili maji yalipokupwa.

Sadala aliutambua mwili wa shemeji yake kwa mbali, akakaa chini kwenye tope na kanzu yake, mbele za watu, mpaka Johari alipokuja kumshika.

*

Siku ya tisa waliitwa ofisini Kibiti. Ofisa aliyetumwa kutoka wilayani alikuwa mtu mtaratibu, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alikuwa amewahoji manusura, amemhoji Abdulkarimu, na maelezo yalikuwa yameandikwa tayari. Alitaka kuvuka mto kurudi Utete kabla ya jioni.

"Nitawasomea, kisha mtaweka sahihi," alisema. "Asiyejua kuandika ataweka dole."

Akasoma. Siku ile na ile, upepo, shehena, majina ya marehemu. Kisha: "*Fundi aliunda chombo hicho kwa kufuata maelekezo ya jarida liitwalo Demani la Dar es Salaam, ambayo yalikuwa na makosa kuhusu uzito wa farumi. Jarida hilo halichapwi tena.*"

Abdulkarimu alikuwa anatazama dari. Maneno hayo aliyasema yeye, na alikuwa ameyasema akiamini kwamba yanamsaidia kila mtu, pamoja na huyo fundi. Sadala aliambiwa asogee. Kidole chake kilibanwa kwenye wino, kikabanwa kwenye karatasi. Alikiangalia kama si chake.

"Wewe mama unaandika?"

"Naandika. Naomba nisome kwanza."

"Nimeshakusomea."

"Naomba nisome."

Alipewa. Alisoma kimya, na alipofika mahali pale alirudia mara mbili.

"Hapa ufute," alisema.

"Wapi?"

"Jarida halikusema hivyo. Halikusema kitu. Sehemu ya sita haikuandikwa."

Ofisa alimtazama Abdulkarimu, kisha Johari. Akaweka kalamu chini. "Mama, sikiliza. Nimekuandikia kitu ambacho hakimuumizi mtu. Hao watu wameshafunga. Hakuna atakayeshitakiwa. Aliyechora mwenyewe nasikia ni marehemu."

"Marehemu huyo hakutaja hesabu kwa sababu hakuwa ameijaribu. Wewe unamwandikia kosa alilolikwepa."

"Hatafungwa."

"Mdogo wangu naye hatafungwa," alisema Johari. "Andika kwamba aliyesoma ni mimi, na hakukuwa na kitu cha kusoma. Andika kwamba nilikwenda dukani nikasema, siku moja kabla. Walikuwapo watu."

Abdulkarimu alishusha macho kutoka darini. Pembeni, Sadala alikuwa anafuta kidole chake kwenye shuka, akifuta tena na tena.

"Mwandikie anavyosema," Sadala alisema. "Hesabu ilikuwa yangu. Nilijua ni ndogo."

Ofisa aliikunja ile karatasi mara mbili, akatoa nyingine. Iliwachukua mpaka alasiri. Maelezo mapya yalipokwisha Johari aliyasoma kwa sauti, kuanzia juu mpaka chini, ili mumewe asikie kila neno kabla ya kuweka dole mara ya pili. Kisha akaandika jina lake, zima, kwa mwandiko ule ule mzuri.

Sadala alipandishwa gari la wilaya, na Abdulkarimu akaambiwa asitoke Kibiti. Johari aliomba aruhusiwe kumpelekea mumewe chakula Utete, akaambiwa aje Jumatatu. Alisimama kidogo barabarani. Lori la Msufini lilikuwa linapakia, na utingo alimwita kwa jina, akimwonyesha nafasi.

Hakupanda. Alivuka barabara, akauliza gari la upande wa bara. Mama yake alikuwa huko, shambani kwake, na kwa siku tisa alikuwa amewaambia wote waliokuja kumpa pole kwamba mwanawe amechukuliwa na upepo.

Alifika jua likiwa bado juu ya mikorosho. Mama yake alimwona kwa mbali, akaacha mchele aliokuwa anaupeta, akaingia ndani na kutoka na mkeka, akautandika kivulini na kuupiga kwa kiganja kuondoa vumbi.

"Karibu, mwanangu. Umechoka. Kaa kwanza."

Johari hakukaa.